Tuulize: Wali wa alfajiri, maji ya beseni na sahani ya mchana

Barua za mwezi huu zimetoka pande zote za meza ya mama lishe: wapishi, walaji, na mmoja ambaye kazi yake ni kuwaondoa wapishi hao barabarani. Chache tumezifupisha ili zienee.

SWALI: Shikamooni. Nauza wali na maharage. Juzi wali ulibaki nusu sufuria, nikaufunika vizuri usiingie vumbi, alfajiri nikaupasha mpaka ukawa wa moto kabisa. Wateja watatu walioula mapema walitapika kabla ya saa nne asubuhi. Watu wanasema ni maji, na mimi maji nilichemsha. Kosa liko wapi? *(Mama lishe)*

JIBU: Marahaba, dada. Kwa maelezo yako, kosa halikufanyika alfajiri, lilifanyika usiku, wali ulipolala vuguvugu chini ya mfuniko.

Mchele mbichi mara nyingi huja na bakteria aitwaye Bacillus cereus, anayetoka udongoni. Akiwa kwenye mchele mkavu hukaa kama mbegu yenye ganda gumu, na ganda hilo linahimili kuchemshwa. Wali ukiiva mbegu inabaki hai. Sufuria ikishuka chini ya nyuzi joto 60 na kukaa hapo muda mrefu, mbegu inaamka, bakteria wanazaana, na baadhi yao wanaacha sumu ndani ya wali. Sumu hiyo haivunjwi na moto wa jikoni. Upashe, uukaange, uuchemshe upya, bakteria watakufa na sumu itabaki. Mtu huanza kutapika kati ya nusu saa na saa 6 baada ya kula, na ndivyo ilivyowatokea wateja wako. Kwa uhakika kamili lazima chakula kipimwe maabara, lakini hata bila maabara unajua pa kurekebisha.

Maharage na mchuzi wa nyama vina adui mwingine, Clostridium perfringens. Huyu anapenda pasipo na hewa, yaani kitako cha sufuria kubwa. Kwenye joto la nyuzi 43 hadi 47 anaweza kujigawa mara mbili kila baada ya dakika kama 10. Piga hesabu: saa 3 ni migawanyiko 18, na bakteria mmoja amekuwa zaidi ya 260,000. Mlaji hukatwa tumbo na kuharisha saa 6 hadi 24 baadaye, wala hakumbuki alikula kwako. Hapa kuchemsha upya kunasaidia, kwa sababu sumu ya huyu hutengenezwa zaidi akishafika tumboni. Chemsha mpaka yatokote katikati, ukigeuza kutoka chini. Mapovu ya pembeni peke yake yanadanganya.

Dawa ya kwanza ni kupika mara mbili. Kama siku yako ni kilo 10 za mchele, pika 6 alfajiri na 4 inapokaribia saa nne asubuhi, ukishaona wateja wanakujaje. Tumia sufuria mbili tatu ndogo badala ya moja ya lita 20, kwa maana kila ukifunua kupakua joto linatoroka, na sufuria kubwa hufunuliwa mara mia kwa siku. Ambayo haijafunguliwa iweke kwenye kapu la joto: kapu au ndoo pana iliyotandikwa blanketi au nyasi kavu pande zote, chini na juu, sufuria iingie humo ikiwa bado inatokota. Kapu halipashi, linachelewesha tu kupoa. Kila baada ya saa 2 pima. Kipimajoto cha sindano ndicho kifaa ambacho tungekushauri ununue kabla hata ya meza mpya. Chomeka katikati, kisha pembeni, maana pembeni hupoa kwanza. Ikisoma chini ya 60, rudisha motoni.

Kilichobaki jioni kitandaze kwenye sinia safi, kina kisizidi sentimita 5, ukalishe sinia juu ya maji baridi, ugeuzegeuze, na kiingie kwenye friji ndani ya saa 2. Usitie friji sufuria ya moto yenye mfuniko: katikati itabaki vuguvugu mpaka usiku wa manane, na itapasha vilivyo jirani. Kama huna friji, wali wa jana usiuuze. Tunajua hiyo ni hela. Kwa wiki mbili andika kila siku kilo ulizopika na kilichobaki, utaona siku zinazobakiza, na hizo ndizo za kupunguza kipimo.

SWALI: Kwenye mikutano naambiwa "usalama wa chakula", mara wanamaanisha njaa, mara wanamaanisha uchafu. Ni kipi? *(Mwanafunzi)*

JIBU: Ni vyote viwili, na kosa ni la watafsiri waliotumia neno moja kwa mambo mawili. Afadhali kusema "uhakika wa chakula" unapozungumzia watu kupata chakula, na kuacha "usalama" kwa chakula kisichodhuru.

Maana ya uhakika wa chakula inayotumika hadi leo ilipitishwa kwenye Mkutano wa Kilele wa Chakula Duniani, Roma, mwaka 1996: watu wote, wakati wote, waweze kukifikia, kwa miguu na kwa mfuko, chakula cha kutosha, salama na chenye lishe. Humo zimetolewa nguzo nne: kuwepo kwa chakula, kukifikia, mwili kukitumia, na uthabiti wa hayo matatu msimu hadi msimu. Nguzo ya pili ndiyo inayosahaulika. Mchumi Amartya Sen alionyesha kwamba katika njaa ya Bengali ya 1943 chakula hakikuwa kimepungua kiasi cha kueleza vifo vile. Watu wengi walikufa kwa kuwa ujira wao haukuweza tena kukinunua. Ripoti ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya 2024 inaeleza jambo la ukoo huo huo: watu wapatao milioni 733 walikuwa na njaa mwaka 2023, lakini walioshindwa kumudu gharama ya mlo bora mwaka 2022 walizidi bilioni 2.8. Hao wengine wanashiba, ila wanashiba wanga.

Na mtu akila vizuri kisha akaharisha wiki nzima, nguzo ya tatu imeanguka. Hapo ndipo yale maneno mawili yanapokutana.

SWALI: Nina beseni moja la maji na sabuni. Kufikia saa saba maji ni meusi. Bomba liko mbali, nikienda kuchota nawaacha wateja. Nifanyeje? *(Muuza chakula, stendi)*

JIBU: Kaka, beseni moja haliwezekani. Sahani ya kwanza inaoshwa. Ya arobaini inapakwa mabaki ya thelathini na tisa zilizotangulia.

Panga mabeseni matatu, na maji yako ya siku uyagawe humo. Kabla ya beseni la kwanza, kwangua mabaki yote kwenye ndoo ya taka, kavu kavu. Hatua hii ndogo ndiyo inayookoa maji mengi kuliko zote. Beseni la kwanza ni la sabuni, la pili la kusuuza, la tatu la klorini. Klorini hiyo imo kwenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe: soma kibandiko, uchague ile isiyo na manukato wala uzito wa uji. Ikiwa klorini ni asilimia 3.5, tia mililita 30 kwenye lita 10 za maji, yaani vijiko viwili vya chakula. Ikiwa ni asilimia 5, mililita 20 zinatosha. Utapata takriban miligramu 100 kwa lita. Zamisha sahani dakika 2, kisha uipange wima ikauke kwa hewa. Usiifute kwa kitambaa. Kitambaa cha mchana kutwa kina kila kitu ulichokiosha.

Watu hukosea sehemu tatu. Wanachanganya sabuni na klorini beseni moja ili kuokoa maji, na mabaki ya chakula yanaimeza klorini kabla haijafanya kazi. Wanachanganya klorini alfajiri na kuiacha juani, ikifika mchana ni maji tu. Badilisha kila baada ya saa 4, au mara maji yakiwa na ukungu. Tena wanaongeza dozi maradufu "iue zaidi", sahani zinanuka na wateja wanakimbia. Na klorini usiichanganye kamwe na siki au dawa ya kusafishia choo, inatoa gesi yenye sumu.

Mikono ni habari nyingine. Funga kibuyu chirizi: dumu la lita 5, tundu dogo karibu na mdomo, kamba kutoka shingoni hadi kijiti cha kukanyagia, sabuni ikining'inia pembeni. Mguu unainamisha dumu, mkono haugusi kitu. Kinatumia maji kidogo sana kuliko kumiminiana kwa kopo. Funga kimoja cha wateja na kingine chako. Nawa ukitoka chooni, ukishika nyama mbichi, na ukishapokea hela, ingawa la mwisho ni bora uajiri mkono mwingine wa kushika hela.

Maji ya kunywa ni hesabu tofauti: matone 2 ya klorini ya asilimia 5 kwa lita ya maji maangavu, subiri dakika 30. Yenye tope yachuje kwanza, kisha matone 4.

SWALI: Nafanya kibarua, nakula nje asubuhi na mchana, jioni chai tu. Nimepimwa damu, imepungua. Hela ni ya kuhesabu. Niagize nini? *(Dada wa kiwandani)*

JIBU: Pole dada. Kwanza malizia dawa ulizopewa, na ulizia pia minyoo, malaria na hedhi nzito, kwa sababu kama damu inavuja mahali, sahani pekee haitaifikia.

Sasa hesabu makundi. Kipo kipimo cha wanawake wa miaka 15 hadi 49 kinachogawa vyakula makundi 10: nafaka pamoja na mizizi na ndizi za kupika, jamii ya kunde, karanga na mbegu, maziwa, nyama pamoja na kuku na samaki, mayai, mboga za majani ya kijani kibichi, matunda na mboga za rangi ya njano au machungwa zenye vitamini A, mboga nyingine, matunda mengine. Aliyegusa angalau 5 kwa siku ana nafasi kubwa zaidi ya kupata vitamini na madini ya kutosha. Kilibuniwa kupima kundi la watu, si mtu mmoja, lakini kwa kukagua sahani kinasaidia. Kisichofika gramu 15, kama kijiko cha chakula, hakihesabiwi, kwa hiyo kitunguu cha urembo juu ya mchuzi hakina kura.

Mtego uko hapa: wali, kiazi na mkate ni kundi moja. Sahani ya wali na kiazi kwa mchuzi wa maharage inajaza tumbo na ina makundi mawili tu. Ukimwambia mpishi apunguze upawa mmoja wa wali akuongezee mmoja wa maharage, wengi hukubali bila kubadili bei. Hapo bado makundi ni mawili, ila protini na chuma vimepanda. Omba na mboga za majani, tatu. Nunua tunda, nne. Yai moja asubuhi badala ya andazi la pili, tano.

Protini linganisha kwa hesabu, siyo kwa macho. Bei ya kilo ya maharage makavu gawanya kwa 210, ya nyama isiyo na mfupa gawanya kwa 200, ya lita ya maziwa gawanya kwa 33, ya yai moja gawanya kwa 6. Unapata gharama ya gramu moja ya protini. Mara nyingi maharage yanashinda kwa mbali. Protini yake ina upungufu fulani ambao nafaka huuziba, nayo maharage huziba wa nafaka, ndiyo sababu wali na maharage ni ndoa nzuri.

Chuma cha maharage na mboga hufyonzwa kidogo, na hapo ndipo chai inapokuponza. Chai na kahawa zina kemikali zinazokishika chuma kisiingie mwilini. Kunywa saa moja baada ya kula, usinywe pamoja na chakula. Kinyume chake, vitamini C inakivuta: nusu chungwa, ndimu iliyokamuliwa sahanini, au kachumbari iliyokatwa muda si mrefu. Iliyokatwa tangu asubuhi imepoteza sehemu ya vitamini yake, na kama iliguswa na mikono isiyonawa ni hatari kuliko wali wa moto. Kati ya kachumbari ya mashaka na tunda unalomenya mwenyewe, chukua tunda.

Nyama au samaki hata kidogo wana kazi mbili, kuleta chuma rahisi na kusaidia kile cha mimea kifyonzwe. Samaki wadogo wakavu wanaoliwa wazima na mifupa yao wanakupa na madini ya chokaa.

SWALI: Mafuta ya karai nayamwaga lini? Wengine wanasema yakiwa meusi. *(Mkaanga viazi)*

JIBU: Rangi inadanganya, vyakula vyenye sukari huyatia weusi upesi kuliko yanavyochakaa. Tazama povu. Mafuta mazima hutoa mapovu makubwa yanayopasuka haraka. Yaliyochoka hutoa povu dogo dogo linalopanda na kukaa. Dalili nyingine ni moshi kwenye moto uleule wa siku zote, gundi kwenye ukingo wa karai, na uzito kama wa asali yakipoa. Moja ikitokea, yaondoe yote. Kuongeza mapya juu ya machakavu ni kuyatosa mapya, kwa sababu mabaki ya zamani huharakisha kuharibika kwake.

Kaanga kati ya nyuzi 160 na 180. Kausha viazi kabla, chumvi itie baada ya kuepua na mbali na karai, chuja makombo kwa kitambaa kila jioni mafuta yakishapoa, hifadhi gizani na mfuniko. Nchi kadhaa za Ulaya zimeweka ukomo wa kemikali za uchakavu kwenye mafuta ya kukaangia kati ya asilimia 24 na 27, na zina vipimo vya kuchovya vya kukagulia. Usimwage mtaroni, yanaganda na kuziba.

SWALI: Ofisi yetu inataka kuwaondoa wauza chakula wote barabarani kwa ajili ya kipindupindu. Naombwa niandike mapendekezo. *(Afisa afya)*

JIBU: Ndugu afisa, andika kwanza bomba liko mita ngapi kutoka kwa wauzaji. Ukiwaondoa, walaji wao hawatapata jiko nyumbani kwa amri hiyo. Watakula kwa anayejificha, asiye na maji kabisa na asiyekaguliwa na mtu.

Singapuri iliandikisha wachuuzi wake mwishoni mwa miaka ya 1960, kisha hadi katikati ya miaka ya 1980 ikawahamishia kwenye majengo yenye maji, mifereji na vyoo. Utamaduni wa vyakula vya wachuuzi hao UNESCO iliutambua mwaka 2020. India ilitunga sheria mwaka 2014 inayozuia mchuuzi kuondolewa kabla ya sensa kukamilika na vyeti kutolewa, na inayotaka wachuuzi wawe angalau asilimia 40 ya kamati ya mji, theluthi yao wanawake. Utekelezaji umepanda na kushuka, lakini msingi ni mzuri: anayejua atakuwepo hapo mwakani ndiye anayenunua sinki.

Soko jipya likiwekwa mbali na njia ya wapita njia, litabaki tupu na wauzaji watarudi barabarani. Hilo limeshaonekana miji mingi. Pendekeza vitu vitano na bajeti yake: bomba, mfereji, choo, ukusanyaji taka kila siku, na kivuli. Mafunzo yafuate maji, yasiyatangulie. Na fomu ya ukaguzi ianze na joto la sufuria, muda tangu kupikwa, maji na mikono. Fomu nyingi huanza na aproni, labda kwa sababu inaonekana vizuri kwenye picha.

SWALI: Nanunua karanga zilizoenguliwa wakati wa kuchambua, za bei ya chini, nazisaga. Nikizikaanga sana sumukuvu inakwisha? *(Msaga karanga)*

JIBU: Haiishi. Sumukuvu ni sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga, na kukaanga kunapunguza sehemu yake tu. Na zilizoenguliwa ndizo zilizotupwa na wengine: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye matundu ya wadudu, ambamo sumu hujikusanya. Mwaka 2004 nchini Kenya mahindi yenye sumukuvu yaliwafanya watu 317 waugue, na 125 kati yao walikufa. Madhara ya polepole ni kwenye ini, bila dalili ya haraka.

Nunua nzima, chambua mwenyewe, mbovu zichome au zifukie. Usimpe kuku, sumu inaweza kupita hadi kwa mlaji wake. Hifadhi zikiwa kavu, unyevu usizidi asilimia 7, juu ya mbao, mbali na ukuta. Kwa mahindi kuna jaribio la chumvi: tia kiganja cha mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu yenye mfuniko, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani.

SWALI: Gazeti la jana linafaa kufungia viazi vya moto? *(Msomaji)*

JIBU: Halifai, hata gazeti letu. Mafuta ya moto huyeyusha wino, na karatasi iliyosindikwa upya ina mabaki yake mengine. Tumia karatasi nyeupe isiyochapishwa, au sahani ya mteja mwenyewe.